Mtoto wa Tano Ukutani

Hebu mwone akifika. Ni Jumanne asubuhi, mwezi wa kumi mwaka wa tisini na nane, na pikapu nyeupe ya mradi wa malaria inaingia uwanja wa kanisa pale Lubao, matope yamepanda hadi kwenye vioo. Nyuma kuna jenereta iliyofungwa kamba, sanduku la projekta, na kompyuta iliyoviringwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mbele, kando ya dereva, ameketi mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na moja, kitambaa kichwani, na mapajani amepakata kitu kipana kama sinia kilichofungwa ndani ya leso. Pikapu inasimama. Watu wanakuja mbio kusaidia, huyu anashika waya, yule anashika meza. Lakini kile cha kwenye leso hampi mtu. Anashuka nacho mwenyewe.

Ni kioo. Ukikilaza juu ya projekta na kukiunganisha na kompyuta, yaliyo kwenye kompyuta yanatokea ukutani, makubwa, yanatembea. Kikivunjika, mradi hauna kingine.

Na mwanamke huyo ni Maximilla Awinja wa Malinya, mke wa Onesmus anayefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha sukari. Kazi yake ilikuwa kufanya picha zitembee. Najua ukisikia hivyo utadhani alikuwa msanii mkubwa. Hapana. Alikuwa mpiga taipu. Alichapa barua za mradi miaka mitatu, hadi siku kompyuta ilipoletwa pamoja na mzungu wa kujitolea wa kuwafundisha watu kuitumia. Mzungu akaugua tumbo wiki ya pili, akaenda zake, akaacha kitabu kinene ambacho hakuna aliyekitaka. Awinja akakichukua. Alikuwa akikisoma huku kidole kimoja kiko kwenye ukurasa na kingine kwenye kipanya, anajaribu kila kitu kimoja baada ya kingine, na kila kilichofanya kazi anakiandika kwenye daftari la shule la kurasa tisini na sita.

Ndivyo alivyojua kwamba maneno yanaweza kuruka kutoka kushoto yakaja yakatua mahali pake kama kuku anayerudi kiotani. Kwamba picha inaweza kufunguka kama pazia, au kuyeyuka vipande vidogo vidogo, au kuchungulia kutoka chini. Kwamba kitu kinaweza kuja na mlio wake: makofi, ngoma, kamera, gari likipiga breki. Basi akamchora mbu, akampa mabawa. Akachora chembe nyekundu ya damu, akaweka vijidudu ndani, ukibonyeza vinaongezeka, ukibonyeza tena chembe inapasuka. Wahudumu wa afya waliosinzia miaka yote mbele ya chati za karatasi sasa walikaa macho wazi. Mratibu wa mradi, Chrispinus Mukhwana, mtu mnene mwenye mikono inayosema pamoja na mdomo, alimwambia, "Mama Andati, wewe umenifanya nionekane nina akili."

Alimwita hivyo kwa sababu kwetu mama huitwa kwa mtoto wake, na Awinja alikuwa na mmoja tu, msichana wa miaka minne aliyeitwa Andati.

Mwezi wa sita mwaka huo Andati alishikwa na homa. Siku tatu. Siku ya nne hakuwepo. Sina zaidi ya hayo ya kukuambia, kwa sababu hata mama yake akisimulia, husimulia hivyo hivyo tu, kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta. Walizika, wakanyolewa, wageni wakarudi makwao. Siku ya tisa Awinja akajifunga kitambaa kichwani, akarudi ofisini.

Hakuwa amelia. Hilo lilizungumzwa sana kule nyumbani, na si kwa wema. Kina mama waliketi naye, wakaimba, wakamsubiri alie. Alikuwa akiwapakulia chakula. Mwenyewe aliponieleza alisema ilikuwa kama ule mkono ukiulalia usiku: unauona ni wako, unauinua kwa mkono mwingine, ukiuachilia unaanguka. Alikula obusuma, ugali wetu, akaosha sahani, na ukimuuliza kama kulikuwa na mboga, hakumbuki.

Ofisini, watu waliacha kumwita Mama Andati. Hakuna aliyepanga, jina lilikufa tu midomoni mwao, akawa Madam Maximilla. Alikuwa na kachumba kake nyuma ya stoo ya vyandarua, kompyuta, kiti na dirisha linalotazama ukuta. Humo ndani hakuna aliyeingia kusema pole. Huko nje kila mtu alikuwa na pole yake, sokoni, kanisani, hata makanga wa gari. Kwenye kachumba kulikuwa na mlio wa kompyuta tu. Angeweza kushinda kutwa nzima akisogeza kitu kutoka hapa kwenda pale, na jioni ikifika ilikuwa imefika.

Sasa shika hili, maana ndilo lililokuwa mezani. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Wageni waliokuwa wakiufadhili mradi walikuwa waje Ijumaa, siku tatu baada ya ile Jumanne ya Lubao, waone kama slaidi hizi zinafundisha kweli au ni michezo. Wakiridhika, Awinja atabaki na kachumba kake miaka miwili. Wasiporidhika, anarudi Malinya, nyumbani, katikati ya pole zote hizo.

Mwezi mmoja kabla, Mukhwana alikuwa ameingia na karatasi.

"Madam, nataka slaidi moja ya kuwashika. Watoto watano. Wanakuja mmoja mmoja. Halafu mmoja anaenda."

"Anaenda wapi?"

"Si unajua... anaenda. Anapotea. Watu waone malaria inafanya nini. Wageni wanapenda hesabu, lakini hesabu yenye miguu."

"Sawa."

Mukhwana alisimama kidogo mlangoni, mikono yake imekosa la kusema. "Kama ni ngumu, naweza kumwambia mtu mwingine."

"Si ngumu," akasema Awinja. Na haikuwa. Kwa mashine ile kila kitu kina nambari yake: huyu wa kwanza, huyu wa pili, na kila mmoja unamwambia afike vipi na akishafika afanye nini. Aliwachora kwa duara na pembetatu, mikono kama vijiti. Alishinda siku nzima akimwondoa wa tano. Kwanza aliruka upande wa kulia, nje ya ukuta. Ilikuwa kama anaenda dukani. Halafu akayeyuka vipande vipande. Ikawa kama mchanga ukimwagika. Akajaribu pazia. Mwishoni akachagua ile rahisi: ukibonyeza, hayupo. Hakuna mlio. Akaiandika kwenye daftari, akaweka tarehe.

Sista Jepkemboi, muuguzi kutoka Lugari ambaye ndiye aliyekuwa akisimama mbele kufundisha Awinja akibonyeza, alikuja kuitazama.

"Hawa wengine gauni zao hazina mifuko," akasema. "Huyu wa mwisho ana mfuko mmoja. Mbona mmoja?"

"Kitambaa kiliisha."

"Kitambaa gani? Si umechora?"

Awinja akaangalia. "Fundi alisema kitambaa kimeisha," akasema, akaendelea kubonyeza, na Sista Jepkemboi akatoka akaenda kusimama kwenye stoo ya vyandarua muda mrefu.

Turudi Lubao. Madirisha ya kanisa yalizibwa kwa mablanketi ya washirika. Wanawake kama arobaini, wakunga na wahudumu wa kijiji, na wanaume wachache nyuma kabisa. Kila mama alikuwa amekuja na chandarua chake kichovywe dawa baada ya somo. Mukhwana aliketi kwenye kiti cha padri akiandika. Jenereta ikanguruma nje.

Slaidi ya kwanza ilikuwa kichwa cha somo. Awinja alikuwa amekipa ule mlio wa breki, zamani, alipokuwa bado akicheka, na hakuwahi kuuondoa. Akabonyeza. Maneno yakaruka kutoka kushoto, breki zikalia, na nusu ya kanisa ikainuka.

"Trakta ya miwa!" mtu akapiga kelele. "Imekosa kona!"

Mwanamume mmoja alikuwa tayari mlangoni. Mwingine akafunua blanketi la dirisha, mwanga ukamwagika ndani, ukuta ukawa mweupe.

"Funga hiyo, wewe! Umetuulia sinema!"

"Nimeacha ng'ombe yangu kwa barabara, mama, wacha nione!"

"Ng'ombe yako na wewe nani ana akili? Keti!"

Walicheka hadi Sista Jepkemboi akalazimika kupiga meza. Awinja alingoja, kidole juu ya kipanya. Kicheko kikaisha, akabonyeza, mbu akaja. Mambo yakaenda vizuri. Chembe ya damu ilipopasuka, kanisa zima lilivuta pumzi pamoja.

Halafu watoto wakaanza kuja. Sista Jepkemboi akawa anahesabu kwa sauti, akiwaonyesha kwa fimbo. "Mmoja." Awinja akabonyeza. "Wawili." Akabonyeza. "Watatu."

Wanawake walikuwa wameinamisha macho. Mmoja alitia vidole masikioni. Awinja hakuona. Sista naye ni mtu wa kwingine, angejuaje? Lakini Awinja ni mtoto wa Malinya. Tangu akiwa mdogo alijua kwamba mtoto hahesabiwi, wala haonyeshwi kwa kidole, seuze fimbo. Ukiulizwa una wangapi, unasema wapo. Nyanya yake angemchapa kwa kosa hilo. Na kwa mwezi mzima alikuwa amewapa nambari, mmoja hadi watano, bila kusikia chochote ndani yake kikisema hapana.

"Wanne. Watano. Na sasa, kina mama, malaria inakuja."

Awinja akabonyeza. Mahali pa mtoto wa tano pakawa ukuta.

Jenereta tu. Halafu kutoka benchi la mbele akainuka mwanamke mzee, mfupi, shuka begani. Alikuwa mkunga, ameshika watoto wa vijiji vitatu, na kila mtu alimwita kukhu, nyanya: Kukhu Teresa.

"Huyo aliyeenda," akasema, "ni wa nani?"

"Ni mfano tu, kukhu," akasema Sista Jepkemboi.

"Nimeuliza ni wa nani. Umehesabu watoto wa watu mbele yetu. Sisi hatuhesabunga watoto. Sasa umehesabu, na mmoja ameenda, na hujatuambia jina lake. Tumlilie kwa jina gani?"

"Kukhu, ni picha..."

"Nina macho. Naona ni picha. Picha ina gauni. Gauni ina mfuko. Aliyeweka mfuko alikuwa anamjua." Akageuka, akamtazama Awinja pale gizani nyuma ya mashine. "Wewe msichana. Ni wewe umemtoa?"

"Ni mimi."

"Unaweza kumrudisha?"

Awinja akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Mtoto wa tano akasimama tena ukutani. Kanisa likatoa sauti, si kilio wala si kicheko.

"Anaitwa nani?"

"Andati," akasema Awinja.

Alilisema kama alivyokuwa akitaja nambari ya diski. Lakini mwanamke mmoja kule kati, mtu wa Ikolomani, upande wa Malinya, aliyeolewa Lubao, alikuwa amesikia habari za mazishi yale, na akaanza kulia. Ukianza mmoja, unajua kinachofuata. Kanisa zima likainuka. Walimlilia Andati kwa jina, mikono kichwani, kana kwamba amelazwa pale chini ya ukuta. Kukhu Teresa akaja akasimama karibu na Awinja, hakumgusa, hakusema pole. Akamtazama uso.

"Bado, eh?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Bado."

"Haya. Kuna wengine huchelewa." Akarudi kwenye benchi lake. "Sista, fundisha. Lakini mtoto abaki."

Ikawa hivyo. Sista Jepkemboi alifundisha yote yaliyobaki bila slaidi, watoto watano wakiwa wamesimama nyuma yake, na maswali yakaja hadi saa nane. Halafu wote walitoka nje wakachovya vyandarua, kila kimoja, hata wale waliokuwa wamesema dawa inanuka. Mama wawili walikimbia nyumbani kuleta vingine.

Kwenye pikapu Mukhwana alikuwa hatulii. "Umeona? Umeona vile wamelia? Miaka minne nagawa vyandarua, nakuta wamefunikia vifaranga. Leo wamechovya vyote! Ijumaa tunaanza na hiyo slaidi. Anapotea, kimya, halafu taa."

"Walichovya wakati amerudi," akasema Sista Jepkemboi.

"Walichovya kwa sababu alienda! Asingeenda wangelia nini?" Akamgeukia Awinja. "Madam, usiguse kitu. Ilivyo, ni hivyo hivyo."

Awinja alikuwa amepakata kioo chake.

Jioni hiyo Onesmus alikuwa amesikia tayari; habari hutembea kwa baiskeli kwetu. Alikuwa akifunga viatu aende zamu.

"Kwa nini uliwaambia jina?"

"Waliniuliza."

"Wangekuuliza jina langu ungewaambia pia?"

"Ndiyo."

Onesmus alikaa na kamba ya kiatu mkononi. "Mimi nalia kule kiwandani, Maximilla. Kwa ile mashine ya kusaga, kuna kelele, hakuna mtu anasikia. Wewe unaenda wapi?"

Alifikiria. "Ofisini," akasema.

Alhamisi alijifungia kachumbani. Akafungua ile slaidi. Alinieleza kwamba hakuwa na hasira, wala hakuwa ameamua kitu njiani. Alitazama orodha ya nambari upande ule wa kulia, akaona kwamba tangu Septemba alikuwa amemwondoa mtoto huyu mara nyingi mno ili ajue kama inafanya kazi vizuri. Akaufuta ule mpango wa kumwondoa wa tano. Kisha akaondoa nambari zote, watoto wakawa wanafika wote pamoja, kundi moja, kama watoto wanavyofika popote. Akahifadhi. Akazima mashine.

Ijumaa wageni walikuja wanne, na suti, na Mukhwana amefunga tai. Chumba cha mikutano cha mradi, pale mjini Kakamega, kilikuwa kimefagiliwa mara mbili.

"Na sasa," akasema Mukhwana, akijinyanyua kwa ncha za viatu, "tazameni malaria inavyofanya." Akampa Awinja ishara.

Awinja akabonyeza. Watoto wakaja, wote. Mukhwana akangoja. Akatoa ishara tena. Awinja akabonyeza, mtoto hakuenda.

"Samahani, wageni wetu. Mashine imekwama kidogo."

"Haijakwama," akasema Awinja.

"Madam, bonyeza."

"Nimebonyeza. Haendi."

Mikono ya Mukhwana ilibaki hewani. Mgeni mmoja akatazama saa. Sista Jepkemboi akajaribu kueleza habari za Lubao, lakini zikisimuliwa ndani ya chumba chenye viti vya mito zilikuwa habari za wanawake waliolia kanisani. Mgeni wa kike akauliza kwa upole kuna tofauti gani kati ya slaidi hiyo na chati ya karatasi, ambayo ni rahisi zaidi. Wakaenda kunywa chai.

Barua ilikuja Desemba. Haikuwa na ubaya ndani yake, ilimshukuru. Kompyuta ilibaki, akapewa kijana mmoja wa chuo ambaye hakuhitaji kitabu, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kumfanya yule mtoto aende tena. Sista Jepkemboi bado huzunguka na slaidi hiyo. Anasema popote mtoto anapopotea, kina mama huinamisha kichwa, halafu wanatoka nje wanachovya. Anasema pia kwamba kuna vijiji ambako msimu wa mahindi umepita mzima, na homa haijachukua mtoto, na kwamba hawezi kujua ni kwa sababu ya nini. Aliniambia hivyo akitazama kando.

Awinja yuko Malinya. Analima, anachapa barua za watu kwa taipureta ya kukodi siku za soko. Watu wanamwambia pole, naye anasema asante. Kukhu Teresa alikuja mara moja kumwona, akaketi, wakachambua mboga pamoja, na alipoondoka, majirani walimuuliza kukhu kama Awinja amelia. Akawaambia waulize mambo yao.

Nilimuuliza Awinja mimi mwenyewe, kwa sababu ningekosa usingizi nisipouliza: kama anajuta. Alikuwa akipepeta maharagwe. Alisema hajui. Alisema siku ile hakusikia kitu, wala sasa hasikii, ila aliona mkono wake haubonyezi, akauacha.

Basi wewe uliyenisikiliza hadi hapa, nikuulize, na usinijibu haraka. Kama kipanya kile kingekuwa chini ya kidole chako, na kanisa zima la kina mama linangoja, na unajua mtoto huyo akienda tena huenda wa mtu mwingine akabaki, ungebonyeza?